Roboti Mbele ya Karani

Wiki hii nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Kamina, nyuma ya mama mshonaji na msichana wa miaka minane hivi. Mama alitaka mtoto aandikwe katika nyumba yake, maana bila karatasi hiyo shule isingempokea.

"Ulimuzala?" karani aliuliza.

"Hapana. Nilimulela tangu iko na wiki mbili."

"Basi haiko mutoto yako."

Msichana akafungua kitabu chake, kisa cha roboti aliyeokotwa na wafinyanzi, akasoma kwa sauti huku kidole kikifuata maneno: "Sikuzaliwa kwenu, lakini mkiniita naitika. Hiyo ndiyo jamaa."

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka. Karani alijifuta machozi ya kicheko, kisha kwenye nafasi ya undugu akaandika kwa Kifaransa: mgeni.

Msichana alilisoma neno lile. "Mama, mugeni njo ule anarudiaka kwabo?"

"Njo ule," mama alikubali: mgeni ndiye hurudi kwao.

"Na minyi," msichana akajigusa kifua, "kwetu iko wapi?"

Mama aliikunja karatasi. Tunawafundisha watoto kusoma, kisha tunawapa karatasi zetu wazisome.