Udongo wa Dada Dirishani

Jamani, dada yangu ana mambo! Wenzake wakipanda mlima hurudi na picha, yeye hurudi na udongo. Ni fundi wa maabara, na mapenzi yake yote ni viamiba vya udongoni, vidudu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na gamba lake. Kimoja kama chupa, kingine kama kikombe, kingine kimejibandika chembe za mchanga mwili mzima. Kila akipanda juu zaidi anakuta vya aina nyingine. Mkaribishe chai tu, umekwisha. Atakusimulia hadi ipoe.

Ila jambo moja lilimkera. Kazini kwao udongo hukaushwa, ukachemshwa na kuchujwa, yakabaki magamba matupu. Kiamiba hai hakuwahi kukiona hata kimoja. Safari hii alirudi anachechemea, na daktari akamkataza milima kabisa. Akauanika udongo wake wa mwisho, wa kileleni, kwenye sahani dirishani, karibu na maua ya mama. Nilijua anaumia.

Asubuhi moja nikasikia ukelele jikoni. "Nani kamwagia maji udongo wangu?"

"Mimi," mama akajibu bila wasiwasi, kopo mkononi. "Kila siku naumwagilia. Ulikauka, masikini."

"Mama, hilo si ua!"

"Nilidhani mbegu imechelewa tu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada akanitolea macho, na machozi yanamlengalenga. Nikafyata mkia. Udongo wa mwisho, umegeuka tope!

Lakini dada naye ni king'ang'anizi. Akachota tone, akaliweka chini ya hadubini yake kuukuu, angalau aione hasara. Mara akanikaba mkono hadi nikaguta.

"Kinatembea," akasema. "Haki ya Mungu, kinatembea!"

Nikamsukuma, nikachungulia. Lo! Kichupa kidogo, na mdomoni mwake kitu laini kinajinyoosha polepole, kinashika, kinalivuta gamba zima. Kumbe vilikuwa vimelala tu, maji ya mama yakaviamsha.

"Mama, njoo uone!" Dada analia huku anacheka.

Mama akainama, akafumba jicho moja, akatazama weee.

"Ndicho ulichokuwa unakitafuta miaka yote hii?"

"Ndicho, mama."

"Na miaka yote hiyo hukuwahi kukipa maji?"

Dada akamvutia mama kiti, akamjazia lile kopo maji.