Kadogo Mwenye Futi Sita

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025. Mvua ya masika iliinyeshea Ukunda tangu alfajiri, nikaingia kazini viatu mkononi.

Jioni hiyo, mwanamume wa futi sita alimpigia mwalimu wetu saluti huku akitokwa na machozi.

Tulia nikueleze.

Naitwa Teresa. Mchana nafua mashuka ya hoteli Diani. Jioni nasoma ngumbaru, shule ya watu wazima, na kwa neema ya Mungu nimefika kwenye kugawanya.

Mbele yangu hukaa Byamungu, fundi viatu kutoka Kongo. Alikuja kujifunza kusoma kabla binti yake wa darasa la pili hajagundua kwamba babake hubuni tu hadithi za kitabuni.

Mwalimu ni Lennox, kijana wa bara. Ana diploma, na hakubali tusahau.

"Wewe kadogo!" akamwita Byamungu. "Njoo ubaoni!"

Darasa likaangua kicheko. Jitu zima, kadogo!

Byamungu akaruka wima. Mkono kwenye paji la uso.

"Ndiyo, komanda!"

Kicheko kikazidi. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, Bwana, asiniite mimi.

Kisha tukayaona machozi. Akabeba mkoba wake.

"Sirudi tena hapa."

Mwanapili, muuza viazi karai, akamzuia mlangoni.

"Kakangu, kwani kwenu kadogo ni tusi?"

"Si tusi, dada. Ni cheo."

"Cheo?"

"Cha mtoto aliyebebeshwa bunduki. Nilikipata nina miaka kumi. Walisema tutapigana kidogo, kisha turudi shule. Bunduki ilinizidi urefu, nikaiburuta. Kukiwa na daraja, 'Kadogo, tangulia!' Kukiwa na mabomu ya ardhini, 'Kadogo, tangulia!' Wakubwa walikuwa nyuma, wanalinda ramani."

Lennox akauliza kwa sauti ndogo, "Ulitokaje?"

"Nilirefuka, mwalimu. Kadogo akirefuka, wanatafuta mwingine."

Hakuna aliyecheka. Mwenye diploma akaweka chaki chini, akasema, "Nisamehe, mzee wangu."

Nami nimejifunza hili: mkubwa yeyote akikwambia vita ni vitakatifu na vinahitaji watoto, muulize wa kwake wamepangwa safu ya ngapi. Utasikia wako ng'ambo, wanasoma.

Byamungu akatutazama sote, akarudisha mkoba dawatini.

"Mbele yenu na mbele ya Mungu," akasema kwa sauti, "naahidi nitarudi kesho, na keshokutwa, mpaka nisome. Safari hii hakuna aliyenituma."