Kaseti Niliyoidai Makaburini

Mimi ni mtu wa kukusanya gemu za kizamani, zile za kaseti za plastiki unazozipachika juu ya mashine na, zikikataa kuwaka, unazipuliza. Mchana natengeneza simu Kisauni. Jioni nasafisha kaseti kwa pamba na spiriti. Mke wangu huziita takataka zenye kabati. Haya ninayoyaeleza hayakuletwa na umaskini wala ujinga. Yaliletwa na tamaa, na nikiitafutia jina zuri nitakuwa naongeza dhambi juu ya dhambi.

Rafiki yangu alikuwa akiosha magari katika yadi moja upande wa Changamwe, magari yaliyotumika yanayoshushwa kutoka Japani. Magari hayo huja na vitu vya wenyewe wa zamani: mwavuli, kalenda, kiatu kimoja cha mtoto. Siku moja, chini ya gurudumu la akiba, alikuta boksi lenye kaseti ya gemu ya kufyatua risasi: kijindege kimoja dhidi ya kundi zima la maadui, na skrini inajaa moto hadi huoni pa kupita. Boksi halikuwa limebonyea hata pembe moja, na kitabu cha maelezo kilikuwemo ndani. Kabla hajaichukua, alipanda ngazi hadi ofisini kumwuliza mwenye yadi. Mwenye yadi akamwambia achukue, na asimsumbue tena kwa uchafu wa magari. Rafiki yangu ndivyo alivyokuwa. Hakuchukua kitu bila idhini.

Niliijua kaseti ile mara tu nilipoiona. Ikiwa tupu ina bei yake; ikiwa na boksi na kitabu ni bei ya pikipiki. Nikamwomba aniuzie, akakataa. Nikamwomba tena siku ya Idi, nikidhani sikukuu italainisha moyo wake.

"Hii ni ya kuchezwa," akaniambia, "si ya kufungiwa kabatini kama vyombo vya wageni."

Tuliicheza kwao Mishomoroni, ukumbini kwa mamake, naye alinishinda kila mara. Yeye alikuwa akicheza. Mimi nilikuwa nikiangalia kama vidole vyake vina mafuta.

Alifariki kwa maradhi ya siku mbili. Tulimzika baada ya alasiri. Udongo uliposawazishwa na dua kusomwa, ami yake alisimama akasema maneno ambayo sisi watu wa huku tumeyasikia makaburini tangu udogo: anayemdai marehemu, au aliyeweka amana kwake, ajitokeze kwa watu wake, na mwenye uwezo wa kusamehe asamehe. Kwa kawaida watu hunyamaza. Mwenye dai la kweli humfuata ami baadaye, kwa sauti ya chini.

Mimi niliinua mkono.

Ningependa kusema mkono ulijiinua wenyewe, lakini niliuinua mimi, nikiwa na udongo wa kaburi lake kwenye kucha. Nilikuwa nimekwisha kuwaza njiani, nyuma ya jeneza, kwamba watoto wa dada yake wataichezea kaseti ile hadi lebo ibanduke. Nilijiambia naiokoa.

"Kuna gemu yangu kwake," nikasema. "Nilimpa acheze, hakuwahi kunirudishia."

Watu wakageuka kunitazama. Mzee mmoja nyuma yangu akaguna.

Baada ya hitima, mamake aliniita ndani. Alikuwa ameifunga kaseti kwenye leso mpya, pamoja na boksi na kitabu chake.

"Mwanangu, alikaa nayo muda gani?"

"Kama miaka mitatu, mama."

"Na wewe ukimdai?"

"Mara mojamoja."

"Akikupa sababu gani?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Nikasema alikuwa akisahau. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu siku ile niliiona ikirefuka mbele yangu, na nikaendelea kuifuata.

"Msamehe," akasema. "Mtu halali vyema kule akiwa na kitu cha mtu. Sema, nikusikie."

"Nimemsamehe."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanishukuru, akaniombea heri mimi na wanangu. Nikatoka na kaseti kwapani, na nilipofika barabarani nilifungua leso kutazama kama pembe za boksi zimebonyea. Hilo linanitia haya kuliko hata uongo wenyewe.

Nyumbani nilifanya kazi ya mkusanyaji. Niliifungua kwa bisibisi yake maalumu nikahakikisha bodi ya ndani ni ya asili, si kopi. Nikaipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, nikazituma kwenye kikundi chetu cha simu. Mtu mmoja wa ng'ambo akanitajia bei iliyonifanya niketi. Kisha akaniuliza swali la kawaida ambalo sote huulizana, kwa sababu kitu chenye historia yake huongezeka thamani: umeipata wapi, na ilikuwa ya nani?

Nikaandika, "Ni yangu tangu zamani," nikafuta. Nikaandika, "Ilikuwa ya rafiki," nikafuta. Mwishowe nikamjibu kwamba nimeghairi. Nikaitia kaseti kwenye mfuko wa plastiki, nikaifungia kabatini, na kwa miaka miwili na zaidi sikuiuza wala sikuicheza.

Nijuavyo nafsi yangu, ningeendelea hivyo hadi kufa, kama si mahamri. Mamake marehemu huyapika na kuyauza barazani pake asubuhi, pamoja na mbaazi. Ijumaa moja nilikwenda Mishomoroni kumpelekea mteja simu yake, nikapita kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kula."

Nilipokwisha kuchukua hamri nikatoa pesa. Akausukuma mkono wangu.

"Ya Ijumaa si ya kuuza. Haya huwapa watoto wa chuo cha Kurani. Ni sadaka ya mwanangu, kwa lile jambo lake na wewe. Najua ulimsamehe, lakini kumzuilia mtu kitu chake miaka mitatu si jambo dogo."

Mama mzima alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kila Ijumaa kumwombea mwanawe kwa kosa nililolitunga mimi. Nilisimama pale na hamri mkononi. Nililimaliza, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kulirudisha.

Zilipita Ijumaa tatu nikitafuta udhuru. Ya nne nilikwenda na kaseti, nikaketi barazani, nikamweleza yote. Yeye aliendelea kukanda unga mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo mwanangu hakushika kitu cha mtu?"

"Hakushika, mama. Ilikuwa yake."

"Na pale nilipokwambia umsamehe?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Akakung'uta unga mikononi. Nilitarajia laana, na wallahi ningeipokea. Badala yake uso wake ulikunjuka, akasema alhamdulillahi, polepole, na nikaelewa kwamba hakuwa akinifikiria mimi kabisa. Kisha akanigeukia.

"Kitu kiweke hapo, watoto watacheza. Langu mimi nimekusamehe. La mwanangu, mwenyewe hayupo, hilo utajua wewe na Mola wako. Lakini ulilisema mbele ya watu. Nenda kaliondoe mbele ya watu."

Nikaiweka mezani, karibu na bakuli la mafuta. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, jicho langu lilikwenda kwenye lebo.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwenye msikiti mdogo tulimomswalia marehemu. Nikamwomba imamu, ambaye ni mgeni pale, nafasi ya kusema neno baada ya swala. Nikasimama. Nikasema kwamba nilimsingizia marehemu siku ya maziko yake, kwamba kitu nilichokidai kilikuwa chake halali, na kwamba alikuwa mwaminifu kuliko mimi.

 Kisha mmoja akauliza, "Marehemu yupi huyo?"

Nikaeleza. Mwengine akasema, "Si yule aliyekuwa na duka la makaa?"

Siye. Nikaeleza tena, nikataja yadi ya magari, nikataja nyumba. Mtaa ule ni wa watu wa kupanga na kuhama. Ami yake mwenyewe amehamia Likoni. Mzee mmoja akasema Mungu amrehemu, sote tutasahauliwa, akainuka kutafuta viatu vyake. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka maneno yangu, na hakuna aliyemkumbuka rafiki yangu. Kumbe muda wote ule aibu ile ilikuwa imebebwa na mamake peke yake.

Nilimkuta mlangoni akinisubiri, amekwisha kuvaa buibui.

"Walisemaje?"

Njia nzima nilikuwa nimeapa kwamba nimemaliza kumdanganya mama huyu.

"Walisema hawakuliamini tangu siku ile," nikamwambia. "Walisema wamjua mwanao."

"Nani kasema?"

"Wengi, mama."

Akaketi barazani, akanivutia kiti. Akaniomba nimsimulie tangu mwanzo, taratibu, nisiruke neno. Nikamsimulia, na mara hii nikaongeza mzee mmoja aliyelia.