Theluji ya Ukumbi wa Pili

Madam alimwambia mume wake kwamba mimi ndiye niliyefukiza udi kwa hiari yangu mbele ya picha zake mpaka theluji ikawa ya manjano. Huo ni uongo. Aliyeniagiza kufukiza ni yeye mwenyewe, kila Alhamisi, kwa miaka miwili. Protus, dereva wetu, mtu wa Bungoma kama mimi, alijua ukweli, akaulizwa, akaumeza.

Naitwa Selipher. Nina miaka arobaini na minane. Shule niliacha darasa la tatu, mama alipougua, na kazi ninayoijua ni ya kufua, kudeki na kupangusa. Hiyo naijua vizuri. Nilipofika Riyadh niliwekwa katika nyumba ya mzee mmoja ambaye sisi wafanyakazi tulimwita baba. Baba alikuwa amefanya biashara Moscow ujana wake wote, na kila aliporudi alirudi na picha. Zilipojaa nyumbani akazitengenezea jumba lake la makumbusho mtaa wa Sulimaniyah, nyuma ya maduka ya manukato. Kumbi tatu, na ndani hakuna kingine ila kazi za wachoraji wa Urusi wa mtindo unaoitwa impreshonisti. Ukisimama karibu unaona madoa tu, kama mtu alikuwa anafuta brashi zake. Rudi nyuma hatua sita, utaona mto, daraja, mwanamke anamimina chai.

Usafi wa kumbi zile alinipa mimi peke yangu. Wawili walionitangulia walipangusa fremu kwa kitambaa kibichi, akawaondoa. Mimi alinifundisha mwenyewe: brashi laini, kutoka juu kwenda chini, fremu tu, na mkono wa kushoto nyuma ya mgongo.

"Mkono ukikaa nyuma, Selipher, hauwezi kugusa kisichoguswa," alisema.

Hata leo nikipangusa meza yoyote, mkono wangu wa kushoto unarudi nyuma wenyewe.

Picha niliyoipenda ilikuwa ukumbi wa pili. Kijiji kidogo chini ya theluji, ua wa mbao umeinama, na mama amebeba ndoo mbili kwa mti begani, anatembea kama mtu anayejua njia inateleza. Theluji sijawahi kuiona. Lakini ile niliitazama kila asubuhi kabla ya kushika brashi, nikaijua: ina buluu kwenye vivuli, na wekundu kidogo pale jua linapogusa paa.

Kisha Madam, mke wa baba, akaanza kuleta wageni wake Alhamisi alasiri, baba asipokuwepo, wanawake kumi, kumi na watano. Kule mgeni hukaribishwa kwa udi, na kumbi zile Madam alizifanya sebule yake. Protus alitumwa dukani. Mimi nilibeba chetezo ukumbi hadi ukumbi, milango imefungwa ili moshi ushike nguo.

"Madam," nilimwambia siku moja, "theluji inageuka."

"Inageuka nini?"

"Inakuwa ya manjano. Ni huu moshi."

Akawageukia rafiki zake. "Mmesikia? Selipher wa Afrika anatufundisha theluji! Uliiona wapi, habibti, jikoni kwenu?" Wakacheka mpaka mmoja akajifuta macho. "Yalla, ongeza makaa."

Nikaongeza. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Ningemwambia baba siku ile ile. Lakini mfanyakazi hamruki madam akaenda kwa baba. Ukifanya hivyo, jioni unafungasha.

Mwaka jana baba akaamua kulifungua jumba kwa watu wote. Aliniita akaniambia nitakuwa mwangalizi wa kumbi, si mtumishi wa ndani tena. Kiti changu kitakuwa ukumbi wa pili. Beji yenye jina langu ilikuwa imeshachapwa. Aliniwekea kiganjani niione, akairudisha kwenye bahasha kungoja siku ya ufunguzi. Kwa miaka minane jina langu lilikuwa halijaandikwa popote ila kwenye ikama, kile kibali cha kuishi.

Kabla ya ufunguzi alimleta fundi wa picha kutoka Urusi, mama mmoja mpole. Fundi akaitoa ile ya theluji kwenye fremu, akailaza mezani. Ukingo uliokuwa umefichwa na fremu ulikuwa mweupe, upana wa kidole. Kutoka hapo kuingia ndani, rangi ya chai ya maziwa. Akachovya pamba, akaizungusha pembeni, akampa baba.

Baba akainusa. "Udi," alisema, akakaa kwenye kile kiti changu.

Madam hakungoja aulizwe. "Ni huyu! Tukitoka hujifukizia. Wana mambo yao hawa."

"Mimi? Madam, si wewe uliye..."

"Halas! Usinijibu."

Baba akamwita Protus. "Udi wa hapa, nani hukutuma kununua?"

Protus alitazama viatu vyake. Madam ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake, na likizo yake ya Krismasi, ya kwanza kwa miaka mitatu, ilikuwa mikononi mwake.

"Selipher, baba."

"Si Madam?"

"Mafi, baba. Madam hajawahi."

Baba hakunipigia kelele. Heri angepiga. "Ungeniambia tu, Selipher," alisema, akaichukua ile bahasha, akaitia mfukoni.

Wiki iliyofuata nilipelekwa Jeddah kwa mama yake Madam, niwe nikimgeuza kitandani. Ijumaa moja moja napewa ruhusa, naenda mtaa wa Kandara, hapa hapa Jeddah, ambako Hannah wa Kitale anapika ugali na sukuma. Mwezi uliopita Protus akaingia hapo. Alikuwa amemleta Madam kumwona mama yake.

"Dada, bado umeninunia? Hiyo stori si iliisha?"

"Iliisha kwako. Jumba lilifunguliwa?"

"Lilifunguliwa. Watu si mchezo! Ile picha yako waliiosha, ikatakata. Kuna dada mpya kwa kile kiti." Akamega ugali. "Na mzee bado anakuulizia."

"Huuliza nini?"

"Kwa nini ulifanya vile. Hiyo tu. Amezeeka, dada. Hata macho yanaanza kumwacha."

Nikasukuma simu yake mbele yake. "Namba yake unayo. Mtumie sauti. Sema: ni Madam aliyenituma. Maneno matatu."

"Sema, Protus!" Hannah akadakia kutoka jikoni. "Mdomo si ni huo huo unamaliza ugali wangu?"

Watu wakacheka. Protus aliishika simu, akaitazama, akailaza kifudifudi.

"Ikama yangu inaisha mwezi wa tatu," alisema. "Iko kwa Madam." Akaondoka, chakula hajamaliza.

Sauti yangu mwenyewe nimeshamtumia baba mara mbili. Hakujibu. Anataka shahidi. Rafiki za Madam hawatasema, kwa hiyo shahidi ni mmoja.

Kiti sikidai, kina mwenyewe. Beji pia siidai. Madam ana deni la kumwambia mumewe, Protus akisikia, ni nani aliyesema niongeze makaa. Protus ana deni la maneno yale matatu. Na wayalipe baba angali hai, kwa sababu yeye ndiye niliyechafuliwa jina kwake, na hakuna mwingine wa kuyapokea.