Chango Si Minyoo

Kadii alisema chango, wao wakaandika minyoo. Ubaya aliofanyiwa ni huo. Hakupigwa wala hakuibiwa. Alichukuliwa neno lake mdomoni likageuzwa likawa jingine, na hilo jingine likaenda kukaa ndani ya kompyuta ya dispensari na ndani ya kichwa cha mumewe, na kote kuwili hakupata mtu wa kulitoa.

Kwao ni upande wa Takaungu. Aliolewa Tezo na Gona, fundi wa kuezeka makuti, mtu wa kwenda Malindi na Watamu kuezeka hoteli za wageni na kurudi nyumbani ngozi imechanika vidoleni. Walianza vizuri. Kadii alishika mimba, ikatoka. Akashika nyingine, ikatoka na hiyo, kisha tumbo likanyamaza. Lilinyamaza kwa watoto tu. Kwa maumivu halikunyamaza. Kila mwezi mgongo ulimkatika, chini ya kitovu pakakaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani, na damu ikaja ikakaa hadi wanawake wengine wamefua, wameanika na wamesahau. Akilala kwenye mkeka mchana, mama mkwe wake, Sidi, alimuuliza ana nini. Kadii alimjibu, "Ni chango, mama," na mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza. Sidi mwenyewe alikwenda kuchimba mizizi, akaichemsha, akamnywesha mkazamwana wake kwa mkono wake. Tulishike hilo. Sidi alijua.

Maana kwa watu wa pwani mwanamke akisema ana chango amekwisha kusema yote. Amesema maumivu ya mwezi, amesema damu, amesema mtoto asiyekaa tumboni, na hakujivua nguo mbele ya mtu. Ndiyo sababu neno hilo lilipendwa. Linasemeka hata mbele ya baba mkwe, naye akatazama kando na kuelewa.

Wakati huo ndipo alipofika Daktari Hesbon kwenye dispensari yao. Alikuwa daktari wa familia, na watu walimuuliza daktari wa familia ni yupi, kwani wengine ni madaktari wa nani. Akacheka, akawaeleza kwamba yeye si wa jicho peke yake wala wa moyo peke yake. Anamtibu mtoto, anamtibu nyanya yake, na anataka kujua nyumba wanamolala. Tena alikuja na utafiti. Vitabu vya udaktari, alisema, vimeandikwa na watu waliokaa kwenye hospitali kubwa, wakiwaona wagonjwa waliokwisha kulazwa. Hakuna ajuaye vizuri mkulima wa muhogo huja na nini kwa daktari asubuhi ya kawaida. Basi yeye ataandika kila anayekuja, kinachomleta na dawa aliyopewa, ili serikali ijue ilete nini na nani asomeshwe nini.

Kadii aliyasikia hayo akayapenda. Mpaka leo hawezi kusema yalikuwa maneno mabaya, na hilo humuudhi zaidi. Angekuwa ametendwa na mtu mbaya angejua pa kuelekeza macho.

Alikwenda na Gona, kwa sababu daktari alipenda mume na mke waje pamoja. Mlangoni palikuwa na meza ndogo, na nyuma yake msichana wa Ukambani aitwaye Mueni, ameshika kile kisimu bapa kikubwa cha kuandikia. Alikuwa mpole. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kimenyooka kama kilichopigwa pasi. Alimwamkia Kadii shikamoo, akamuuliza, "Kilichokuleta leo ni nini, mama? Niambie kwa maneno yako mwenyewe, nami nitaandika vivyo hivyo."

Kadii aligeuka akamwona Gona amekwenda kukaa kwenye benchi, akawatazama wanaume waliokaa naye, akashusha sauti.

"Nina chango, mwanangu."

"Kwa muda mrefu?"

"Toka nilipoolewa."

"Pole sana, mama," akasema Mueni, akaandika.

Ndani, Daktari Hesbon alisoma kilichoandikwa, kisha akauliza kama nyumbani kuna choo, kama maji ya kunywa huchemshwa, kama Kadii huvaa viatu akienda shamba. Kadii alijibu yote kwa adabu. Alidhani hivyo ndivyo wasomi wanavyoanza kulizungumzia chango, kwa kuzunguka mbali, naye aliithamini heshima hiyo. Alikuwa akingojea waliendee lenyewe. Gona ndiye aliyechoka kungojea. Akakohoa, akauliza, "Na kizazi, daktari?"

Daktari alitazama tena kile kioo. "Hapa sioni neno lolote la kizazi. Mama amelalamikia minyoo. Tutibu minyoo kwanza."

Gona akageuza uso wote akamtazama mkewe.

Kadii alifungua kinywa. Angesema nini? Neno alilokuwa nalo alikwisha kulisema mlangoni. Ili kukanusha ilimpasa ataje damu, aitaje kwa jina lake, mbele ya mumewe, mbele ya daktari ambaye ni kijana wa kiume, na mlango wazi, na benchi zima la watu nje limetega masikio. Alikifunga kinywa. Akapewa vidonge vya kutafuna, na walipotoka Gona alitangulia mbele kwa hatua za mtu aliye peke yake.

Jioni alisema barazani, mama yake akiwapo. Hakupandisha sauti. Alisema yeye kila akitaka mtoto huambiwa chango, lakini daktari akiuliza huambiwa minyoo. Alisema mwanamke aliye na shida ya kizazi, siku anapokaa na daktari ana kwa ana, husema kizazi. Asiyesema ana lake. Akataja sindano za kupanga uzazi, akasema huenda miaka yote hii amekuwa akiezeka nyumba ambayo mtu mwingine anaitoboa kutoka ndani.

"Gona, nilisema chango, na chango ni chango," Kadii akasema. "Mama yako anajua. Amenichimbia mizizi."

Sidi alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele. Aliona mchanga mahali, akautoa, akatafuta mwingine.

"Daktari amesoma," akasema. "Mimi sikusoma."

Kadii alirudi dispensari peke yake. Muuguzi alimfungua kwenye kompyuta, akamwambia, "Kumbe wewe ndiye mama wa minyoo," akampa vidonge vingine. Mara nyingine alijikaza akataja damu. Muuguzi, ambaye foleni ilimfika mlangoni, alimuuliza umri wake, akasema kwa umri huo mambo huanza kubadilika, avumilie, na asiache kuosha mikono. Daktari mwenyewe alikuwa hapatikani tena kwa urahisi, alikuwa akishughulikia utafiti. Basi dispensari walimwamini daktari, na nyumbani walimwamini daktari, na kila alikokwenda alilikuta neno limemtangulia limekaa kitini.

Alikwenda Takaungu kwa kaka yake, Kombe. Kombe alimkaribisha, akampa chakula, kisha akamuuliza kama amefukuzwa. Kadii akasema hakufukuzwa. Kombe akasema basi arudi kwake, yeye hana maneno ya kumwambia Gona, kwa sababu Gona hakukosa. Ndivyo ilivyokuwa. Hakufukuzwa ili aondoke, wala hakutakwa ili akae.

Gona alimwoa Kache. Ukweli ni kwamba Kache hakuwa na ubaya. Alikuwa msichana wa kutoka ndani ya Ganze, alimwita Kadii dada, na mimba yake ilipoanza kumlemea alimwomba radhi kila alipomtuma maji. Alijifungua mtoto wa kiume. Kadii ndiye aliyemkanda kwa maji moto na kumpikia uji wa pilipili manga, maana Sidi mgongo ulikuwa ukimuuma, na Kadii alipokuwa akimkanda mwenziwe damu yake ilikuwa ikimchuruzika mguuni chini ya leso. Gona akinywa mnazi alikuwa mcheshi. Siku moja aliita kutoka barazani, mbele ya mafundi wenzake, "Mama Minyoo, tuletee kata." Wakacheka. Jina likashika.

Basi ikaja siku ya watafiti kurudisha majibu kwa watu. Walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, wakagawiwa soda na mandazi. Walikuja wanawake wengi na wanaume wachache. Gona alikuwa Malindi juu ya paa la mtu. Sidi alikuja, akakaa safu ya mbele na mjukuu mapajani. Mueni alikaa pembeni na kisimu chake.

Daktari Hesbon aliongea vizuri. Alisema wamejifunza mengi. Watu wa hapa huja na homa na kikohozi, kama kwingine. Presha ni nyingi kuliko walivyodhani, na wengi hawajui kama wanayo. Migongo na magoti ya wakulima yanahitaji dawa ambayo dispensari haikuwa ikiletewa, na sasa itaagizwa. Watu walipiga makofi, kwa haki. Kisha akasema liko jambo moja limewashangaza. Wanawake wazima wa huku wanasumbuliwa na minyoo kuliko wanawake wa mahali popote anapopajua. Kwa hiyo wataleta dawa ya minyoo ya kutosha, na mafundisho ya usafi kwa akina mama.

Ukumbi ulinong'ona. Jedida, mwanamke mtu mzima aliyezoea kumtania yeyote, hata mchungaji, akasimama na chupa yake ya soda mkononi. "Daktari, minyoo gani hii inayochagua? Chungu tunakula kimoja na waume zetu. Au wao minyoo imewaona hawana cha kuliwa?"

Wakaangua kicheko, daktari naye akacheka. Kadii hakucheka. Kitu kilimfunguka kichwani taratibu, kama fundo lililolowa maji. Alisimama, wala hakumtazama daktari. Alimtazama Mueni.

"Mwanangu, siku ile nilikuambia nina nini?"

Mueni alikumbuka, kwa kuwa alikuwa msichana makini. "Ulisema chango, mama."

"Na chango ni nini?"

"Ni minyoo," akasema Mueni. "Shuleni tulifunzwa hivyo. Hata kamusi inasema."

Kicheko cha pili kilianza kikafia njiani, maana wanawake walianza kutazamana, kila mmoja akikumbuka vidonge alivyotafuna. Jedida ndiye aliyeeleza, na safari hii hakutania. Alisema kamusi haikukosea, minyoo nayo huitwa chango. Lakini mwanamke aliyeolewa akikaa mbele yako akakuambia ana chango, hakuelezi habari ya choo. Mueni alishika mdomo. Daktari Hesbon alivuta kiti akakaa.

Baada ya mkutano alimfuata Kadii nje. Alimshukuru. Alisema amewasaidia sana, ripoti haijatoka, watairekebisha, na atawaeleza madaktari wenzake Mombasa jinsi neno moja lilivyowapotosha. Alimwandikia barua ya kwenda Kilifi kupigwa picha ya tumbo, akaomba msamaha kwa sauti ya mtu anayemaanisha.

Kadii akasema hakusimama ili awasaidie. "Njoo nyumbani, daktari. Mwambie Gona."

Daktari alisita. Akasema habari ya mgonjwa ni siri, hawezi kwenda kuieleza kwa mtu mwingine, hata kama ni mume.

"Siku ile ulimweleza."

"Siku ile mlikuwa pamoja, mama."

"Basi nitakaa hapo hapo kando yake. Njoo useme mbele yangu, kama ulivyosema."

Akaahidi kuja. Kwanza amalize kazi ya ripoti.

Kilifi walimpiga picha, wakaona uvimbe umejaa kizazi, mkubwa na mdogo, umekaa kwa miaka. Daktari wa kule, mwanamke, alimuuliza kwa nini alichelewa hivi, maana ungewahiwa pengine ungetolewa wenyewe na kizazi kikabaki. Kadii akasema hakuchelewa. Kilitolewa kizazi chote. Maumivu yalikwisha, na alipolala usiku wa kwanza bila maumivu alilia, kwa sababu hakuwa tena na cha kuwaonyesha.

Gona alipoambiwa kizazi kimetolewa alisema sindano za kupanga uzazi ndizo zilizokiharibu.

Daktari Hesbon alihamishwa. Mueni alimpigia Kadii simu kwa furaha, kumwambia kwamba ripoti imetoka, chango limeandikwa ndani yake kama chango, na maana yake ikaelezwa, na sasa kila atakayeajiriwa kuuliza maswali pwani atafunzwa neno hilo kwanza. Kadii akamwambia ahsante, mwanangu. Kosa la kwenye karatasi limepona.

Jina halijapona. Mtoto wa Kache sasa anaongea. Anampenda Kadii, humfuata mpaka jikoni, hushika leso yake na kumwita Mama Minyoo, kwa sauti safi, kwa kuwa hajui ni nini na hajawahi kusikia akiitwa vingine. Sidi hukaa pale pale barazani na ungo wake. Alikuwa safu ya mbele siku ile, alisikia kila neno, na tangu walipotoka kwenye ukumbi ule hajalirudia hata moja kwa mwanawe.

Daktari Hesbon bado anadaiwa safari moja ya Tezo, akae barazani amwambie Gona, "Mama alisema chango. Sisi ndio tuliokosea." Huyo yuko mbali, na ana la kujitetea. Sidi hana. Yeye anadaiwa maneno machache kuliko hayo, na hahitaji hata kuinuka alipokaa.