Kibuyu Juu ya Tangi la Samaki

Namnyaki binti Lomayani Mollel, wa Sambasha, kule mlimani. Baba yake ni yule Lomayani aliyehamisha ng'ombe mwaka wa ukame mkubwa akawarudisha wote, hata ndama. Mama yake alibeba mawe ya kanisa letu la kwanza akiwa na mimba yake. Yeye mwenyewe aliolewa na kaka yangu, akafiwa mapema, akalea, akasomesha, na miaka yote ya ujane wake hakuna aliyemkuta hana maziwa. Nayaandika haya mimi wifi yake, maana watoto wa siku hizi wakimtaja husema tu "yule bibi wa kwa Nelson."

Nelson ni mwanawe. Alimteremsha mjini, nyumbani kwake Sekei, eti apumzike. Jumapili moja, mama yuko ibadani, kijana akapanda Sambasha na wachuuzi na lori, akauza ng'ombe wote. Mama alipouliza, akamwonyesha tangi la kioo pale sebuleni, samaki wekundu wanazunguka.

"Mama, hawa ndio mifugo yako sasa. Hawaliwi na fisi."

Akacheka peke yake. Lakini Namnyaki aliwalisha. Mfugo ukishakabidhiwa, umekabidhiwa.

Mwaka jana umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa nguvu, pampu ya tangi ikaungua. Pampu hiyo ndiyo iliyokuwa ikichuja maji na kuyatia hewa. Nelson alikuwa Dodoma kikazi, nami nilikuwa nimekuja kukaa na mama yake. Tukampigia simu.

"Aa, mama, waache tu. Wakifa tutanunua wengine."

Namnyaki akakata simu. "Umesikia, wifi? Hata ng'ombe wangu wa Sambasha ndivyo alivyowasema moyoni."

Maji yalianza kufanya ukungu. Samaki wakapanda juu, wanahema midomo wazi. Namnyaki akatungua ukutani kibuyu chake cha maziwa, alichopewa na mama yake siku ya harusi.

"Wifi, kama ni chujio, si ukate dumu?" nikamuuliza.

"Kibuyu kisicho na ng'ombe kinangoja nini?"

Akakikata kitako kwa msumeno. Mimi ndiye niliyetazama pembeni. Akakitundika juu ya tangi, mdomo chini. Mdomoni akaziba kwa sponji ya ile pampu iliyoungua, juu yake akaweka mkaa, na juu ya mkaa kokoto za mto Themi. Unachota maji ya tangi kwa kikombe, unayamimina kibuyuni, yanashuka yamechujwa, na matone yakianguka yanaingia na hewa.

Mkaa ndio uliotuponza. Sisi Waarusha kibuyu hukisugua ndani kwa kijinga cha mti wa loirien, na moshi ule na vumbi lile kwetu ndio usafi, ndio ladha ya maziwa. Basi naye akauchoma mkaa wa loirien, akautia na moshi wake na vumbi lake, kama kwa maziwa. Maji yakageuka meusi. Samaki wawili wakaelea ubavu.

Akawaopoa, akawalaza kiganjani. "Nimewaua kwa usafi wangu," alisema. "Baba hakupoteza hata ndama."

Akaumwaga mkaa wote, akauosha na kuuosha mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi, akapanga upya. Tukapokezana kikombe mpaka mabega yakawaka moto. Maji yakang'aa. Waliobaki wakashuka chini wakala.

Nelson akarudi.

"Hee! Shangazi, shikamoo. Mama, mmetundika nini hapa? Makochi mapya yanakuja kesho. Hata tangi lenyewe linatoka, nimeshapata mtu wa kulichukua na samaki wake."

"Na samaki wake," Namnyaki alisema.

"Ni samaki tu, mama."

Ndipo akakumbuka kwamba hajamwamkia mama yake. Akainamisha kichwa aguswe, kama tulivyomlea kuamkia wakubwa. Mkono wa mama yake haukwenda kichwani. Ulimshika kiganja ukamwekea kikombe.

"Wale uliwauza nikiwa kanisani. Hawa utawachunga nikikutazama. Chota."