Ndoo Mbili za Msabah

Msabah Duni alikuwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia, katika jahazi liitwalo Subira, na tangu atoke kwao Tumbatu hakuna aliyewahi kumkuta na kosa la kazi. Malindi nzima, mtaa wa bandarini Unguja, ilimjua hivyo. Tajiri wa chombo naye alimjua hivyo, ndiyo maana mwaka ule wa 1966 alimwahidi mbele ya watu kwamba jahazi jipya lililokuwa likiundwa, nahodha wake atakuwa Msabah. Mkewe, Mwanakheir, hakuiweka habari hiyo kifuani. Jua halijachwa, mtaa mzima ulishajua.

Ilibaki safari moja tu, ya kupeleka chokaa Lindi. Na si chokaa ya kupaka ukutani, la. Yalikuwa mawe ya kutoka tanuuni, hayajazimwa. Mawe hayo yakionja maji hutokota, yakapata moto wa kuunguza gunia, na gunia likaunguza chombo. Nahodha Jaku alimwonya kila mtu kabla ya kung'oa nanga: safari hii hapana kumwaga maji juu ya sitaha. Ilibidi aonye, maana mabaharia wetu wana ada yao. Kila asubuhi, jua halijawa kali, huteka maji ya bahari wakazirowesha mbao za juu, zisije zikakauka zikaachana. Msabah alikuwa akifanya hivyo tangu hajaota ndevu.

Mazoea yana taabu, jamani. Walikuwa wameshapita Mafia. Msabah alikesha kwenye usukani, akasali alfajiri, akajilaza kidogo. Alipoamka, mikono ilimtangulia akili. Akatumbukiza ndoo baharini, akamwaga. Akatumbukiza tena, akamwaga. Ya tatu iko mkononi, ndipo alipokumbuka. Akaitua polepole, akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Akajiambia maji machache yale jua litayakausha, akaenda zake kunywa chai. Mtu mzima na akili zake!

Kabla ya adhuhuri mvuke ukaanza kutoka chini ya sitaha ya nyuma. Nahodha Jaku aliweka kiganja juu ya ubao, akakiondoa upesi. Akajua chokaa imepata maji, na akadhani chombo kinavuja chini. Angetazama vipi? Pale pa kukumbia maji palikuwa pamefunikwa na magunia, kwa tamaa ya shehena. Akamgeukia Muhiddin, fundi aliyeziba maungio ya mbao kwa pamba na mafuta kabla ya safari, akamtukana tusi la kumtoa mtu machozi. Hata Muhiddin mwenyewe aliamini kosa ni lake.

Basi, kama maji yanaingia kwa chini, hapana dawa ila kukikimbiza chombo nchi kavu. Na nchi iliyokuwa karibu ilikuwa na mwamba mbele yake, mawimbi yakiupasukia. Jaku aliujua mwamba ule. Alijua watakaofika ufukoni ni wachache, pengine asifike hata mmoja, lakini kuungua katikati ya maji aliona ni kubaya zaidi. Akaamuru tanga ligeuzwe.

Msabah alivuta kamba pamoja na wenzake. Lile jahazi jipya alishaliona machoni, hata rangi yake alishaichagua. Akisema, unahodha umekwisha. Akinyamaza, lawama itakuwa ya Muhiddin, na roho zao wote zitakuwa za mwamba. Aliogopa, tena sana, kuliko alivyowahi kuiogopa dhoruba yoyote. Ngurumo ya mawimbi ikaanza kusikika. Akamtazama Muhiddin, akamwona anatamka shahada.

"Nahodha, chombo hakivuji," alisema. "Maji nimeyamwaga mimi asubuhi, ndoo mbili. Yaliyorowa ni magunia ya juu tu."

Jaku aliusukuma usukani kwa kifua, na jahazi lilipogeuka mwamba ulikuwa karibu hata mwani wake unaonekana. Kisha wakabandua mbao za sitaha, na Msabah akawa wa kwanza kushuka. Walijipaka mafuta ya samaki mikononi, lakini jasho liliyashinda, na chokaa ikikutana na jasho huunguza vilevile. Magunia yaliyorowa wakayatupa baharini, moja baada ya jingine, yakatokotea huko. Wenzake walipokezana. Yeye alikataa kutoka, na alipotoka ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye magunia.

Njiani kurudi Unguja, Jaku alimwambia kwamba yuko tayari kumweleza tajiri chombo kilivuja kidogo, yaishe. Msabah akamwuliza, na Muhiddin je? Walipofika Malindi, Msabah akaenda mwenyewe kwa tajiri, na lile jahazi jipya akapewa mtu wa Mkokotoni.

Mwanakheir alikuwa ameshazipata habari alipomwona mumewe mlangoni, mikono imefungwa matambara. Alilia. Alimwambia wazi kwamba amemvunjia uso mbele ya majirani. Kisha akauliza:

"Nani alikuona ukimwaga?"

"Hakuna."

"Sasa aliyesema nani?"

"Nlisema mimi."

Mwanakheir akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda ndani kuchukua mafuta ya nazi, akaja kuketi mbele yake.

"Haya, lete mikono, nahodha," alisema.